Barua ya Wazi kwa Waundaji wa Injini na Mamlaka za Usalama wa Magari: Mkanda wa Taimingi Ulio Ndani ya Oili

Kwa wakuu wa kampuni zinazounda injini za magari,
Kwa mamlaka zinazosimamia usalama wa magari na ubora wa oili,

KUH: MIKANDA YA TAIMINGI INAYOFANYA KAZI NDANI YA OILI

Waheshimiwa,

Sisi mafundi wa injini tunawaandikia kuhusu jambo moja. Mkanda wa taimingi ndio unaounganisha kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayofungua vali, ili zizunguke kwa mpangilio. Muda wa kubadilisha mkanda wa taimingi unaofanya kazi ndani ya oili mmeupanga kwa kilomita na miaka mingi, ilhali kinachoula mkanda huo ni hali ya oili inayouzunguka. Matokeo yake mwenye gari anafuata kitabu chake neno kwa neno, anafanya sevisi zote kwa wakati, na bado injini inanoki mapema kabisa kabla ya umri mliomwandikia. Tunaomba hesabu hiyo irekebishwe. Tunaomba pia injini ambazo tayari ziko barabarani zisiachwe, maana hizo ndizo nyingi, na nyingine ziko mikononi mwa mmiliki wa pili au wa tatu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba gari lake lina mkanda wa namna hii.

Mkanda uliingizwa ndani ya oili kwa sababu za maana na hatuzibezi. Mkanda mkavu unataka kifuniko chake, unataka sili za kuzuia oili isiufikie, na unataka upana wa kutosha. Mnyororo una kelele zaidi. Mkanda unaopata oili husuguana kidogo, ni mkimya, na unaweza kuwa mwembamba, hivyo injini inakuwa fupi na inakunywa mafuta kidogo. Ndiyo maana injini ndogo za silinda tatu ziliupokea haraka: 1.0 EcoBoost ya Ford mwaka 2012, na 1.2 PureTech ya Peugeot na Citroën katika miaka hiyo hiyo. Kabla ya hapo Ford ilishautumia kwenye dizeli ya 1.8 TDCi, na kuanzia 2016 ikauweka kwenye dizeli ya 2.0 EcoBlue. Honda iliutumia kwenye injini yake ya lita 1.0 yenye turbo. Volkswagen iliuweka kuendesha pampu ya oili kwenye dizeli za EA288, huku mkanda wa kamshafti ukibaki mkavu, nje.

Mkanda wenyewe umetengenezwa kwa ustadi. Mwili wake ni mpira wa HNBR, yaani mpira wa naitraili uliotiwa haidrojeni ili uvumilie joto na oili. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazozuia usirefuke, na meno yamevikwa kitambaa chenye PTFE (plastiki inayoteleza) ili yasilike haraka kwenye gia. Ukiwa kwenye oili safi yenye sifa sahihi, unadumu. Shida inaanza oili inapoacha kuwa oili tupu.

Injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hupuliza nyingi zaidi asubuhi ikiwa baridi. Sehemu ya petroli hiyo hugonga ukuta wa silinda kabla haijageuka mvuke, ikateremka kupita ringi za pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gari likienda safari ndefu, oili inapata joto la nyuzi 80 hadi 100 kwa muda wa kutosha na sehemu kubwa ya petroli hiyo inapanda kama mvuke na kurudishwa kuchomwa. Gari la safari fupi fupi halifiki hapo. Petroli inabaki, kesho inaongezwa nyingine juu yake. Petroli ina kemikali za aromatiki, nazo huupenya mpira wa naitraili na kuufanya uvimbe na kulainika. Mpira ukilainika, kitambaa cha meno kinalegea na kingo zinaanza kuchanika. Upande wa dizeli kuna njia nyingine: kichujio cha masizi kinapojisafisha, kompyuta ya gari hupuliza dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko, na sehemu yake huishia kwenye sampu. Dizeli haitoki kirahisi kwa joto la oili, kwa hiyo inazidi kulundikana. Oili iliyokaa muda mrefu nayo inaongeza asidi, na asidi inaukausha mgongo wa mkanda mpaka upasuke nyufa.

Tazameni kiasi chenyewe. Nyingi ya injini hizi ndogo hubeba lita nne hivi za oili. Petroli ikifika asilimia 5 tu ya lita 4 hizo, ni mililita 200. Petroli ya kujaza kikombe cha chai imetosha kuifanya oili hiyo kuwa kitu kingine, na mkanda unaogelea humo mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa.

Sasa tuje kwenye kilomita. Gari linalotambaa mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa litafikisha kilomita 20,000 baada ya saa 1,000 za injini kuunguruma. Gari la barabara kuu lenye wastani wa kilomita 80 kwa saa litafikisha kilomita hizo hizo kwa saa 250. Mmoja ameishi na oili ile ile mara nne ya mwenzake, tena ndiye anayeiwasha injini baridi mara nyingi zaidi, lakini kitabu kinawapa wote wawili namba moja. Ukizidisha hadi kilomita 100,000, wa mjini ana saa 5,000 na wa barabara kuu ana 1,250. Hakuna mkanda wa mpira unaoweza kuziona saa hizo kuwa sawa. Kompyuta ya gari inajua saa za injini, inajua ni mara ngapi injini imewashwa ikiwa baridi, na inajua oili ilikaa kwenye joto gani kwa muda gani. Taarifa zote mnazo. Hazimfikii mwenye gari.

Wengi wakisikia mkanda mbovu wanawaza mkanda uliokatika, pistoni zimegonga vali, gari limezimika njiani. Hilo hutokea. Lakini katika injini hizi mkanda mara nyingi unaua injini ukiwa bado umeshika meno yake yote na taimingi iko sawasawa. Unachofanya ni kupukutika. Kitambaa kinachanika nyuzi nyuzi, mpira unatoka chembe chembe, vyote vinadondoka kwenye sampu, na oili inavikokota hadi kwenye streina, yaani wavu ambao pampu huvutia oili kupitia kwake.

Shusha sampu ya injini iliyofika hapo uitazame streina. Wavu hauonekani. Umefunikwa na tabaka jeusi laini, lenye nyuzi fupi zilizosokotana, na ukilibandua linatoka kipande kizima chenye alama za matundu ya wavu upande wa ndani. Pembeni mna vipande vigumu vya mpira, baadhi vikiwa bado na umbo la ncha ya jino. Pitisha kitambaa cheupe kwenye sakafu ya sampu, kitatoka na nyuzi zaidi. Pampu iliyo juu ya streina hiyo inaweza kuwa nzima kabisa, lakini inavuta kupitia tundu moja au mawili yaliyobaki wazi. Gari likipanda mlima, likikata kona kwa kasi, au likipigwa breki ya ghafla, taa ya oili inamulika mara moja na kuzima. Dereva anasema ni sensa.

Chembe ndogo zinazopenya streina hupita kwenye pampu na nyingi hunaswa na filta. Lakini filta ina vali ya kupitishia oili kando pale oili ikiwa nzito kwa baridi au filta ikiwa imejaa, na vali hiyo ikifunguka uchafu unaendelea mbele. Unakwama kwenye vichujio vidogo vya solenoidi (vali za umeme) zinazobadilisha taimingi ya vali, na hapo ndipo inapowaka taa ya injini na kompyuta kuandika msimbo wa hitilafu ya taimingi, P0011 au P0016. Unapunguza oili inayofika kwenye shafti ya turbo, ambayo haiwezi kuvumilia kukosa oili hata kwa muda mfupi. Unafika kwenye beringi za kamshafti. Ikifika msimbo P0524, yaani presha ya oili imeshuka mno, mara nyingi beringi za kranki zimeshakwaruzwa.

Kuna sehemu nyingine inayotutia hofu kuliko zote, nayo ni breki. Injini nyingi za aina hii zina pampu ya vakyumu inayozungushwa na kamshafti, ndiyo inayoipa nguvu busta ya breki. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini kupitia kijitundu chenye wavu mdogo. Wavu ukiziba, vakyumu inapungua na kanyagio la breki linakuwa gumu kama jiwe. Magari yenye PureTech yamewahi kuitwa na mtengenezaji yarudishwe kurekebishwa kwa sababu hiyo. Desemba 2023 Ford iliita nchini Marekani magari zaidi ya 139,000, EcoSport za 2018 hadi 2022 na Focus za 2016 hadi 2018 zenye 1.0 EcoBoost, kwa hitilafu ya mkanda wa pampu ya oili na tenshena yake (kifaa kinachoukaza mkanda); presha ya oili ikipotea, injini inapoteza nguvu na breki inapoteza msaada. Kwa hiyo mamlaka yoyote inayolichukulia suala hili kuwa ni la uchakavu wa spea na gharama ya gereji imelipunguza uzito wake. Ni suala la gari kushindwa kusimama.

Waundaji wenyewe mmeshakiri mengi kwa matendo. Muda wa kubadilisha mkanda wa PureTech ulianza ukiwa wa miaka 10 na kilomita nyingi, ukashushwa hadi kilomita 100,000 au miaka 6. Mwaka 2024 Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, ilitangaza kuurefusha ulinzi wa injini hiyo hadi miaka 10 au kilomita 175,000 kwa mkanda unaoharibika kabla ya wakati na kwa injini inayokula oili kupita kiasi. Kuanzia 2023 toleo jipya la injini hiyo, lile la mfumo mseto wa volti 48, limetoka na mnyororo. Matoleo ya baadaye ya 1.0 EcoBoost nayo yalirudishiwa mnyororo upande wa kamshafti, ila mkanda wa pampu ya oili ukabaki ndani ya oili. Hili la mwisho tunalisema wazi: ni tiba nusu. Mkanda wa kamshafti ukiharibika unaweza kuua vali. Mkanda wa pampu ya oili ukikatika unaua injini nzima katika dakika chache, na uchafu wake unaziba streina ile ile.

Kuhusu oili, tatizo kubwa liko kwenye kifuniko cha injini na kwenye lebo ya galoni. Mtu anaona 5W-30, ananunua 5W-30. Namba hiyo inaeleza uzito wa oili peke yake. Haielezi kemikali zilizochanganywa ndani yake, na kemikali hizo ndizo zinazokutana na mpira. Kwa 1.0 EcoBoost oili iliyotakiwa ni 5W-20 yenye sifa WSS-M2C948-B. Kwa EcoBlue ni 0W-30 yenye WSS-M2C950-A. Kwa PureTech, mojawapo ya sifa zilizotakiwa ni PSA B71 2312, ya 0W-30. Oili mbili za 0W-30 zinaweza kusimama rafu moja, moja ikaulinda mkanda na nyingine ikautafuna. Sifa hizo zimeandikwa kwa herufi ndogo katikati ya kitabu ambacho mara nyingi gari lililobadilisha mikono halinacho tena. Ziandikeni kwenye kifuniko cha kujazia oili, kwa herufi za kuchongwa, pamoja na maneno kwamba ndani mna mkanda. Hii ni kazi ya kubadilisha kalibu moja ya plastiki.

Wakati tukisubiri, haya ndiyo tunayowaambia wenye magari na mafundi wenzetu, na tungependa yatoke kwenu kama maelekezo rasmi ili asiwepo wa kuyabishia. Oili na filta vibadilishwe kila kilomita 10,000 au kila miezi 12, lolote litakalotangulia. Kwa gari la safari fupi au la foleni, kila miezi 6. Kijiti cha oili kikaguliwe kila wiki mbili, na kinachotazamwa si kupungua tu. Kiwango kikipanda juu ya alama ya mwisho bila mtu kuongeza oili, au kijiti kikinuka petroli, oili hiyo imwagwe hata kama ina kilomita 3,000 tu. Mtu asiweke dawa ya kusafishia injini kabla ya kumwaga oili. Dawa hizo ni vimumunyisho. Zinaupa mpira dozi ya kile kile kinachouharibu, halafu zinabandua uchafu uliotulia na kuupeleka wote kwenye streina kwa mkupuo mmoja. Dawa za kuongeza kwenye oili nazo zikae dukani.

Ukaguzi unawezekana, tena bila kufungua mengi, pale mbunifu alipomfikiria fundi. Kwenye PureTech mkanda unaonekana ukifungua kifuniko cha kujazia oili. Kuna kipimo maalumu chenye umbo la U: injini ikiwa imezimwa, kinashushwa juu ya mkanda, na kikikataa kuingia maana yake mkanda umevimba kupita upana unaoruhusiwa na unapaswa kutolewa. Mwenye kipimo hicho asiridhike na sehemu moja. Azungushe kranki kwa mkono kwa spana, kuelekea upande inakozunguka kawaida, apime sehemu kadhaa, na kila mara amulike kwa tochi mgongo wa mkanda akitafuta nyufa, kingo zilizochanika na nyuzi zinazoning'inia. Mkanda unaong'aa kupita kiasi na kunata kidoleni umeshalainika. Mkanda ukipita kwenye kipimo lakini una nyufa, haujapita.

Injini nyingine hazina dirisha hilo. Kuuona mkanda ni mpaka kifuniko cha mbele kifunguliwe, na kifuniko kimefungwa kwa silikoni, mbele yake kuna puli ya kranki ambayo haitoki bila vifaa maalumu. Hapo hakuna fundi atakayekagua, na hakuna mwenye gari atakayelipia. Ombi letu kwa wabunifu ni tundu moja lenye kizibo cha kusokota, pana kiasi cha kuingiza kamera ndogo, likiwa limeelekea mgongo wa mkanda. Na jingine: streina iwe ya kufikiwa bila kushusha nusu ya gari.

Kwa injini isiyo na dirisha, kipimo cha presha kinasaidia. Itolewe swichi ya oili, ifungwe geji ya mkono ya baa 0 hadi 10, injini ipashwe mpaka oili ifike nyuzi 80, kisha presha isomwe kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika na kwenye 4,000, na ilinganishwe na jedwali la mtengenezaji. Presha inayoanza vizuri kisha ikashuka kadiri mizunguko inavyopanda inaashiria streina iliyoziba: pampu inataka oili nyingi kuliko inayopita. Jedwali hilo lichapishwe wazi. Kulificha nyuma ya mfumo wa kulipia ni kuifanya injini ya mtu ife kwa kukosa namba tatu.

Swichi ya oili yenyewe ina lawama zake. Swichi ya kawaida huwasha taa presha ikishuka chini ya baa 0.5 hivi. Kwenye mizunguko 3,000 injini inahitaji mara kadhaa zaidi ya hapo, hivyo taa inapowaka madhara yamekwishaanza. Injini yenye mkanda ndani ya oili inapaswa kuwa na sensa inayosoma presha yenyewe, na kompyuta iilinganishe na presha inayotarajiwa kwa mizunguko na joto lile. Tofauti ikijitokeza, dereva aambiwe mapema, kwa maneno, apeleke gari likakaguliwe streina.

Ubadilishaji wa mkanda nao unaharibiwa na vifurushi vya spea visivyokamilika. Anayeuziwa mkanda na tenshena peke yake amepewa nusu ya kazi. Kifurushi kinachostahili jina hilo kina mkanda wa kamshafti, mkanda wa pampu ya oili kama upo, tenshena zake, sili ya mbele ya kranki, bolti mpya ya puli, streina pamoja na gasketi yake, gasketi za vifuniko au silikoni iliyoidhinishwa, na filta ya oili. Bolti ya puli hufungwa hadi ivutike na haifai kurudishwa. Katika baadhi ya injini hizi, 1.0 EcoBoost ikiwemo, gia ya kranki haina kabari ya kuizuia. Inashikwa na msuguano wa bolti hiyo peke yake. Bolti iliyochoka ikiregea kidogo, gia inateleza na taimingi inapotea. Kosa tunaloliona likirudiwa ni fundi kutumia pini za kufungia taimingi kama vizuizi vya kulegeza bolti. Pini hizo zimewekwa kuonyesha mahali tu. Zinapinda, zinaacha alama kwenye shafti, na mkanda mpya unafungwa kwenye taimingi iliyokwishahama. Kranki izuiwe kwenye flaiwili kwa kifaa chake, na toki (nguvu ya kukaza bolti) ifuatwe hatua kwa hatua, pamoja na nyuzi (digrii) za mzunguko wa mwisho.

Mkanda mpya usikunjwe kwa nguvu, usipinduliwe ndani nje, na usiguswe na dawa ya kusafishia breki. Sampu ishushwe hata kama mkanda wa zamani unaonekana mzima. Streina ibadilishwe, kuipuliza kwa hewa hutoa uchafu wa juu na kuacha nyuzi zilizopenya wavu. Vichujio vya solenoidi na wavu wa pampu ya vakyumu vitolewe na kutazamwa. Silikoni ipakwe mstari mwembamba kama kitabu kinavyoagiza, milimita 3 hivi, maana inayozidi huminyika upande wa ndani, ikakauka, ikakatika, ikaenda kukaa kwenye streina mpya. Baada ya kufunga, kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na pini zirudishwe kuhakikisha zinaingia bila kulazimishwa. Kisha injini izungushwe kwa stata huku mfumo wa mafuta ukiwa umezimwa mpaka geji ionyeshe presha, ndipo iwashwe. Baada ya kilomita 1,000 oili na filta vibadilishwe tena na filta ya zamani ipasuliwe itazamwe. Ikiwa bado ina nyuzi, sampu inashuka mara ya pili. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni nafuu kuliko turbo.

Mamlaka, tunawaomba mambo manne ambayo mtengenezaji hatayafanya kwa hiari yake. La kwanza, muda wa kubadilisha mkanda wa ndani ya oili utajwe kwa kilomita, kwa miaka na kwa saa za injini, na saa hizo zionekane kwenye dashibodi. La pili, uamuzi wa kuita magari usitazame tu mikanda iliyokatika. Uhesabu pia streina zilizoziba na pampu za vakyumu zilizokosa oili, kwa sababu mkanda huo huo ndio chanzo na gereji inaandika tu "pampu mbovu". La tatu, ulinzi wa injini uliorefushwa usimnyime haki mtu aliyefanya sevisi kwenye gereji ya kujitegemea. Risiti yenye tarehe, kilomita na sifa kamili ya oili iwe ushahidi wa kutosha. Mteja anayetakiwa kuleta muhuri wa wakala mmoja kwa miaka yote sita, huku mkanda wenyewe ukiwa umeshakiriwa kuwa na kasoro, anaadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. La nne, anayeuza oili na kuandika kwenye galoni kwamba inatimiza sifa za mtengenezaji fulani aonyeshe kibali chenyewe. Maneno "inafaa kwa" bila namba ya kibali yapigwe marufuku kwenye oili za injini hizi, na sampuli zinunuliwe rafuni na kupimwa.

Kuna wanaouza sasa vifurushi vya kugeuza mkanda kuwa mnyororo kwa injini hizi hizi. Vipo vinavyoweza kuwa vizuri, lakini mnyororo una uzito tofauti, unahitaji tenshena ya presha ya oili na njia za kuulainisha, na hakuna fundi wa gereji mwenye uwezo wa kuujaribu kwa saa elfu moja kwenye meza ya majaribio. Ninyi waundaji mnayo meza hiyo, na kwa baadhi ya injini mmeshachora mnyororo wenyewe. Kama sehemu hizo zinaweza kufungwa kwenye injini za zamani, ziuzeni kama spea zenye namba, pamoja na mwongozo. Kama haziwezi, semeni hivyo kwa maandishi na mweleze kinachozuia, ili watu waache kutoa pesa kwa majaribio yasiyo na mwenyewe.

Tunaomba majibu ya maandishi, injini kwa injini: ipi ina mkanda ndani ya oili na mahali gani, sifa ya oili yake, upana wa mwisho wa mkanda unaoruhusiwa, na presha ya oili inayotakiwa kwenye silensa, 2,000 na 4,000. Ukurasa mmoja kwa kila injini unatosha, na tutaubandika ukutani juu ya meza ya kazi.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa injini